Muulize Mjomba: Hempu ni bangi au siyo bangi?

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari miwili tu habari ya hempu, ule mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu, nikasema inatengenezewa nguo mpaka kuta za nyumba. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamemiminika, mengine ya maana kabisa na mengine ya watu wanaotaka kujua kama shati la hempu ukilichoma moshi wake unalewesha (hauleweshi mpwa, utakohoa tu na shati huna). Nimechagua yafuatayo, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo Mjomba. Dada yangu kanitumia begi zuri la mkononi, kikaratasi chake kimeandikwa hempu asilimia mia. Mume wangu kasema nisitoke nalo nje ntakamatwa na bangi. Eti kweli? – Mwenye Begi

Marahaba mpwa. Mwambie shemeji atulie.

Kwa upande wa mimea ni kweli ni mmea mmoja, Cannabis sativa, hapo tusidanganyane. Kinachotenganisha ni mbegu zilizochaguliwa na kiwango cha THC, ile kemikali inayolewesha. Zao likiitwa hempu sheria ya Marekani inataka THC isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu, Umoja wa Ulaya nao wako hapohapo kwenye 0.3 (kabla ya 2023 walikuwa 0.2), Uswisi wamelegeza kamba mpaka asilimia 1. Bangi ya kuvuta inafika 15, 20 na kuendelea. Alafu hiyo THC inakaa hasa kwenye maua na vijani vinavyoyazunguka, wakati begi lako limetoka kwenye ganda la shina ambalo limeshaozeshwa, limepondwa, limechanwa, limesokotwa na kufuliwa, sasa bangi itoke wapi?

Hofu ya mumeo ina historia yake lakini. Marekani mwaka 1937 walipitisha sheria ya kodi iliyolenga bangi, hempu nayo ikaburuzwa humohumo, ikafika 1942 wakiwa vitani na Wajapani wameshachukua Ufilipino ambako nyuzi za kamba zilikuwa zinatoka, serikali ileile ikageuka kuwahimiza wakulima wapande hempu kwa wingi maana meli za kivita bila kamba haziendi. Vita ikaisha, hempu ikarudi kubanwa. Mpaka sheria ya kilimo ya Desemba 2018 ndo ikatolewa rasmi kwenye orodha ya dawa za kulevya. Ufaransa wao hawakuwahi kuacha kulima muda wote huo, na leo ndo wanaoongoza Ulaya.

Kwahiyo begi, shati, kamba, bebea kwa raha zako. Unapotakiwa kuwa makini ni kwenye mmea wenyewe, majani, maua na mbegu za kupanda, hapo kila nchi ina sheria yake na nyingine hazitofautishi hempu na bangi hata chembe, uliza mamlaka husika kabla hujaagiza kitu.

Mjomba mambo vipi, tisheti ya hempu bei yake inauma na nimeishika dukani naona kama inakwaruza. Nisipoteze hela? Na ntajuaje sijauziwa feki? – Mpenda Nguo

Poa mpwa. Hapa kaa chini tuongee.

Bei yake ukiielewa inakotoka hutonuna sana. Shina la hempu lina vitu viwili, nje ganda lenye nyuzi ndefu na ngumu, hiyo ni kama robo mpaka asilimia 30 ya shina, ndani kuna kiini chepesi cha mtimti. Kuvitenganisha ndo kazi. Mashina yakishakatwa yanaachwa shambani yamelala chini wiki kadhaa, umande unayalowesha usiku jua linayakausha mchana, bakteria na fangasi wanakula ile gundi inayoshikilia ganda, na mkulima inabidi ayageuze ili yaoze sawasawa upande wote. Akiyawahisha nyuzi hazibanduki, akiyachelewesha nyuzi zenyewe zinaoza. Yaani anacheza na hali ya hewa. Njia ya pili ni kuzamisha kwenye maji, nyuzi zinatoka safi zaidi ila harufu yake wee acha tu, na yale maji ukiyamwaga mtoni yanamaliza hewa samaki wanakufa, ndo maana sehemu nyingi walishaachana nayo au wanafanya kwenye matanki. Baada ya hapo kuponda, kupiga, kuchana. Pamba yenyewe unachuma inakuja tayari na usufi wake, mashine za kusokota duniani karibu zote zimetengenezwa kwa ajili yake, hempu ikiingizwa humo nzimanzima inakwama kwa urefu.

Ndo wakabuni ujanja wa kuzikatakata na kuzilainisha nyuzi za hempu kwa vimeng'enya au mvuke mpaka zifanane na pamba, zinapita kwenye mashine zilezile. Levi's walitoa nguo za namna hiyo 2019, mchanganyiko wa pamba na hempu, ukishika huwezi kujua. Kwahiyo ukiona tisheti ya hempu ni laini sana tangu dukani, aidha ni hiyo iliyolainishwa au imechanganywa na pamba, na hakuna dhambi hapo ilimradi lebo iseme ukweli.

Kukwaruza kunapungua. Hempu ni nguo ya kufuliwa, kila ukifua inalegea, na nyuzi zake zikilowa haziwi dhaifu kwahiyo inavumilia kufuliwa miaka. Inanyonya jasho vizuri. Ubaya wake inakunjika hatari, kama wewe ni mtu wa pasi kila asubuhi utaichukia, na kwa maji ya moto sana mara ya kwanza inaweza kurudi, tumia ya baridi.

Feki sasa. Soma asilimia kwenye lebo, sio jina kubwa la mbele. Unakuta imeandikwa HEMPU herufi za kutisha kumbe ndani asilimia 10 iliyobaki poliesta. Ukitaka kujipima nyumbani vuta uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uchome kwa kiberiti ukiwa umeushika kwa kibano juu ya sinki. Ukiwaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu ujue ni nyuzi za mmea. Ukijikunja, ukayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, hiyo ni plastiki mpwa. Kipimo hicho hakitakutenganishia hempu na pamba lakini. Kwa hempu na kitani kuna kamchezo kazuri, chambua unyuzi mmoja mwembamba kabisa, uloweshe, shika upande mmoja ncha ikuelekee wewe, alafu uache ukauke juu ya kitu chenye joto kidogo. Ncha ya kitani inajizungusha kufuata mshale wa saa, ya hempu inazunguka kinyume. Mimi nilivyouona nilibaki kucheka peke yangu.

Salaam Mjomba, mi ni fundi ujenzi. Mteja kaniletea video ya nyumba eti imejengwa kwa hempu na chokaa anataka nimjengee ghorofa moja. Inabeba kweli? – Fundi

Fundi, haibebi. Kama mteja anafikiri utapanga matofali ya hempu alafu umwage slabu juu, mwambie mapema kabla hajalipa advansi.

Ile ni kile kiini cha shina, kimekatwa vibanzi vidogo, vinachanganywa na chokaa na maji. Mzigo wa nyumba unabebwa na fremu, mara nyingi ya mbao, hempu na chokaa inajaza katikati na kuifunika fremu. Ufaransa ndo walioanza kuitumia kwa mtindo huu mwishoni mwa miaka ya 1980 wakitafuta kitu cha kukarabatia nyumba za zamani za fremu za mbao, maana saruji ilikuwa inafungia unyevu ndani na mbao zinaoza. Uzito wake ndo utashangaa, mita moja ya ujazo ya ukuta huo ni kama kilo 300 hadi 400 wakati zege la kawaida ni kama 2,400. Ni nyepesi kwasababu imejaa hewa, na hiyo hewa ndo faida yenyewe, joto la nje linachelewa kuingia na la ndani linachelewa kutoka, kelele zinapungua, na ukuta unavuta unyevu wa chumbani ukizidi na kuuachia ukipungua. Moto pia inauvumilia vizuri kwasababu ya chokaa.

Ufundi wake uko kwenye mikono. Vibanzi vinanyonya maji kwa fujo, unaweka maji ukiona bado mkavu unaongeza, ukija kushtuka umeweka mengi na ukuta hautakauka. Ukifinya konzi ya mchanganyiko inatakiwa ishikane ibaki na umbo lakini maji yasichuruzike kwenye vidole. Unamwaga kwenye mbao za kufungia kwa matabaka mafupi alafu unashindilia kwa wepesi tu, zaidi pembeni na kuzunguka mbao, katikati acha. Hapa mafundi wa zege ndo wanapoharibu, wamezoea kushindilia kwa nguvu zote, hempu ukiigandamiza umeua hewa umebaki na uchafu mzito usiozuia joto wala kubeba mzigo. Mbao unaweza kufungua mapema, ila kabla ya lipu subiri, ukuta wa sentimita 30 unakauka kwa wiki nyingi, msimu wa unyevu ni miezi. Lipu iwe ya chokaa au udongo. Saruji hapana, na rangi zile za plastiki hapana, utaufunga ukuta usipumue na fangasi watakuja kukusalimia. Usianzie chini kabisa pia, weka msingi wa mawe au zege upande juu ya ardhi, na paa litokeze vizuri mvua isipige ukuta. Na macho yako fundi, chokaa ikiruka machoni sio mchezo, miwani na glavu.

Kuna kitu wauzaji hawasemi, chokaa inachomwa kwenye tanuri kwa joto kali sana na inatoa hewa ya ukaa nyingi. Hempu imefyonza hewa hiyohiyo ikiwa shambani na inabaki imefungiwa ukutani, chokaa nayo ikikomaa inarudisha kuvuta kiasi, kwahiyo hesabu inaweza kutoka nzuri, lakini sio ile miujiza ya "nyumba inayosafisha anga" wanayoandika kwenye matangazo. Na kama vibanzi vimesafirishwa kutoka bara lingine, hesabu ianze upya.

Mjomba eti Henry Ford aliwahi kutengeneza gari la hempu hata ukilipiga shoka halibonyei? – Mbishi

Gari lilikuwepo, lilionyeshwa 1941. Bodi yake ilikuwa ya plastiki iliyotokana na mazao ya shamba juu ya fremu ya mabomba ya chuma. Mapishi kamili ya ile plastiki hayajahifadhiwa, na aliyehusika kulitengeneza, Lowell Overly, alisema ilikuwa nyuzi za soya kwenye gundi ya kemikali. Sasa kwenye mitandao soya imegeuka hempu, kesho itakuwa mahindi. Lililo kweli na halina mbwembwe ni kwamba viwanda vya magari Ulaya vinatumia nyuzi za mimea, hempu ikiwemo, zinagandamizwa na plastiki au gundi kutengeneza paneli za ndani ya milango na vitu vya dashibodi, ni nyepesi kuliko nyuzi za kioo na gari likiwa jepesi linakula mafuta kidogo.

Hapohapo niongezee, vile vikombe na makasha ya simu ya "plastiki ya hempu", vingi ni plastiki ya kawaida iliyotiwa unga au nyuzi za hempu. Plastiki inayotumika inapungua, sawa, ila usivitupe shambani ukidhani vitaoza.

Kwanini tusiache kukata miti tukatumia hempu kutengeneza karatasi? Nasikia ekari moja ni sawa na ekari nne za msitu. – Mpenda Miti

Hiyo ya nne kwa moja imetoka kwenye ripoti ya wizara ya kilimo ya Marekani ya 1916, walikuwa wanapiga hesabu ya kipindi cha miaka 20 kwa kutumia kile kiini cha shina. Misitu ya kupandwa na viwanda vya leo sio vya 1916, kwahiyo namba hiyo usiinukuu kama wahyi. Tatizo la hempu kwenye karatasi ni kwamba inavunwa kwa msimu, kiwanda kinataka malighafi mwaka mzima, inabidi ujenge maghala ya kuhifadhi mzigo mwingi wa kitu chepesi kinachojaza nafasi na ambacho kikilowa kinaoza. Mti unasimama wenyewe msituni unakusubiri. Ndo maana inatumika zaidi kwenye karatasi za bei, zinazotakiwa ziwe nyembamba lakini ngumu, karatasi za kusokotea sigara, vifuko vya majani ya chai, vichujio. Daftari la mtoto acha litoke kwenye karatasi iliyorejelezwa, ni sawa tu.

Shikamoo Mjomba. Nimeona mafuta ya mbegu za hempu yanasifiwa, naweza kukaangia? Na watoto wakila mbegu zake? – Mama wa Watatu

Marahaba mwanangu. Kukaangia usithubutu, yakipata moto mkali yanatoa moshi na yanaharibika, utakuwa umeunguza hela. Ni ya kunyunyizia kwenye chakula kilichoiva au saladi. Faida yake ni zile omega 6 na omega 3 ambazo humo zipo kwa uwiano wa karibu tatu kwa moja, lakini hizohizo ndo zinafanya yawahi kuchacha, kwahiyo nunua chupa ndogo ya rangi nyeusi, ikifunguliwa iingie kwenye friji. Ukiyanusa yakakupa harufu kama ya rangi ya mafuta, mwaga. Mazuri ni ya kijani na yananukia kama karanga mbichi na nyasi.

Mbegu yenyewe ina mafuta kama asilimia 30 na protini kama robo. Haina THC ndani yake, inayoweza kupatikana ni masalia ya maua yaliyogusa ganda la nje, hivyo nunua zilizosafishwa na kupimwa kwa ajili ya chakula. Mzima na ganda lake inakwama kwenye meno, iliyomenywa ni laini, unamwagia kwenye uji imeisha hiyo. Watoto waanzie kidogo uone kama tumbo linakubali au kuna aleji, na mchanga kabisa usimpe bila kuongea na daktari. Mbegu za kupanda usizilishe mtu, zinaweza kuwa zimepakwa dawa. Mafuta ya CBD (kemikali nyingine ya mmea huu, yenyewe hailewishi kama THC) ni kitu kingine kabisa, yanatoka kwenye maua, usichanganye chupa.

Mjomba nina shamba, nataka kuhamia hempu, wanasema haihitaji maji wala mbolea wala dawa na ina hela. – Mkulima Mtarajiwa

Wanasema nani? Wanaouza mbegu?

Mazuri yake nakubali. Ya nyuzi inakomaa kwa miezi mitatu mpaka minne, inapandwa imebanana inakimbilia juu mita mbili, tatu, nne, magugu yanakosa mwanga yanakufa yenyewe, dawa ya magugu unaokoa. Inakunywa maji kidogo kuliko pamba. Kamisheni ya Ulaya inasema hekta moja inafyonza tani 9 mpaka 15 za hewa ya ukaa kwa msimu. Lakini "kidogo kuliko pamba" sio "haihitaji", ikiwa changa ukame unaidumaza na maji yakituama inakufa. Naitrojeni inaipenda sana, ardhi iliyochoka itakupa vijiti. Na hizo tani za ukaa zinategemea mmea umeishia wapi, ukienda ukutani zimefungiwa, ukichoma mabaki zimerudi zote angani.

Inasifiwa pia kusafisha udongo wenye sumu. Ina mizizi mirefu na inavuta metali kama kadmiamu, walishaijaribu mpaka karibu na Chernobyl, kule Ukraine kilikolipuka kinu cha nyuklia, miaka ya 1990. Basi kama inavuta sumu fikiria hiyo sumu inaenda wapi, hempu iliyolimwa kwenye udongo mchafu isiwe chakula cha mtu wala mnyama, nami nashangaa watu wanavyozisifia hizo sifa mbili, kusafisha udongo na kuwa chakula, kwenye sentensi moja bila kupepesa.

Swali la kwanza kwako sio mbegu wala mvua, ni nani atanunua na yuko wapi. Mashina ni mzigo mkubwa mwepesi, ukisafirisha mbali nauli inakula faida yote, mashine ya kutenganisha nyuzi inatakiwa iwe jirani. Marekani baada ya sheria ya 2018 wakulima walivamia, wengi wakilenga CBD, soko likafurika, bei ikaporomoka, watu wakabaki na mazao ghalani. Alafu zao lako likipimwa THC ikazidi kiwango, linateketezwa na hasara ni yako. Kwahiyo kwanza leseni, pili mkataba wa mnunuzi, tatu mbegu zilizothibitishwa. Ukikosa kimoja wewe lima ulichozoea.

Mjomba acha nadharia, nitajie kitu kimoja cha hempu ambacho mtu wa kawaida anatumia bila mbwembwe. – Mvivu wa Kusoma

Zile nyuzi za njano mafundi bomba wanazozungushia kwenye maungio. Wengi wamehamia kwenye tepu nyeupe ila mafundi wa zamani wanazo bado, nyingine ni kitani na nyingine hempu, na kazi ni ileile. Unachukua kishungi kidogo tu, unakwaruza kwanza ile sehemu ya bomba yenye mizunguko kwa msumeno ili nyuzi zishike zisiteleze, unazungusha kufuata upande unaofungia, kuanzia kwenye ncha kwenda ndani, unapaka ile pesti yake juu alafu unafunga. Maji yakifika nyuzi zinavimba, kidogo kilichokuwa kinavuja kinajiziba. Uzuri wake juu ya tepu ni kwamba ukishafunga ukaona bomba limekaa vibaya unaweza kurudisha nyuma kidogo bila kuanza upya, tepu ukiirudisha inavuja. Usijaze nyuzi nyingi lakini, soketi ya plastiki inapasuka.